Sanduku la Nota: Victoria ni nani, mama au malkia?

Mwezi huu sanduku limejaa barua za jina moja tu, Victoria, na zote zimetoka huku huku kwetu kanda ya ziwa, sijui mmeambiana. Naanza na hii ndefu ya jamaa wa Igoma maana imenigusa, zile mbili nitazijibu chini kwa kifupi.

BARUA YA KWANZA

Mwangaluka mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mpiga kinanda kwenye kigango kimoja huku Igoma, Mwanza. Kwaresima hii tumeletewa nota za Kilatini, Popule meus, tuimbe Ijumaa Kuu, yaani ni fotokopi ya fotokopi, mistari mingine huioni mpaka uinamishe karatasi kwenye taa. Juu kulia pameandikwa T. L. de Victoria. Basi ubishi ukaanzia hapo hapo mazoezini, dada mmoja wa sauti ya kwanza akasema huyo ni mama, mzee wetu wa besi akasema huyo ndo malkia mwenye ziwa, mpaka wakataka kuwekeana soda. Mwalimu mpya akasema hapana, alikuwa padri na alikufa ni mpiga kinanda, watu wakacheka alafu wakaniangalia mimi. Swali la kwanza, ni kweli? La pili nisikufiche mwalimu, mimi ndo nilikuwa mwalimu wa hii kwaya miaka minane, mwaka huu kwenye uchaguzi nikapigwa chini, wakasema nibaki kwenye kinanda tu. Inaniuma. Siku nyingine napiga utangulizi mreeefu makusudi ili yule kijana asimame pale mikono juu kama anaibiwa. Je huyo Victoria naye walimshusha kama mimi?
Mpiga kinanda, Igoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu, mwangaluka.

Tumtoe malkia kwanza. Jina la ziwa lililetwa na Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, mwaka 1858, alitokea upande huu wetu wa kusini, akaliona, akalibandika jina la malkia wa kwao, wakati wenyeji walikuwa na majina yao, huku Nyanza, kule kwa Wajaluo Nam Lolwe, na hakuna aliyeulizwa. Sasa mtunzi wako alikuwa ameshakufa karibu miaka 250 kabla ya Speke kufika. Kwake yeye Victoria ni jina la ukoo tu. Jina lake ni Tomás Luis, mwanamume, Mhispania, na padri kweli. Kwa hiyo dada wa sauti ya kwanza na mzee wa besi wote wamekosa, hiyo soda apewe mwalimu mpya, najua hilo halitakufurahisha.

Alizaliwa kama mwaka 1548, mtoto wa saba kati ya kumi na moja, na kwao ni Ávila, katikati ya Hispania. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu Ávila ungeipenda. Ni mji wa mawe. Umezungushiwa ukuta wa mawe mpaka leo umesimama, ukuta wenyewe una minara zaidi ya 80, na nje ya mji kumejaa mawe makubwa makubwa ya matale yamelala tu kama haya yetu ya kuanzia Capri Point mpaka Bugando. Alafu kuna kitu nilipokiona nilicheka peke yangu, Ávila iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na uso wa ziwa letu uko pale pale, kama mita 1,130 na ushee. Yaani ungeweza kuchora mstari ulionyooka kutoka kizingiti cha nyumba yao mpaka maji ya Kirumba. Na yeye mwenyewe hakuusahau mji wake hata siku moja, kwenye vitabu vyake vya nota baada ya jina alikuwa anaongeza neno Abulensis, maana yake mtu wa Ávila, kama wewe ulivyoandika hapo chini "Igoma".

Baba yake alifariki mwaka 1557, mtoto ana miaka tisa hivi, akabaki mikononi mwa ndugu, na kulikuwa na baba mdogo padri aliyesimamia mambo ya familia. Akawa anaimba kwenye kwaya ya watoto ya kanisa kuu la pale Ávila. Sauti ilipovunjika, kama mwaka 1565, wakampeleka Roma kwenye chuo cha Wajesuiti, Collegium Germanicum, ambacho kilianzishwa mwaka 1552 hasa kwa ajili ya kufundisha mapadri wa kurudi Ujerumani wakati ule Uprotestanti umepamba moto, lakini walikuwa wanapokea na wengine. Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania alimsaidia pesa. Na Roma ya wakati huo, mdogo wangu, ndo ilikuwa ya Palestrina, yule mtunzi mkubwa wao wote, alikuwa anafundisha muziki kwenye seminari ya jirani, kwa hiyo kijana alikuwa anasikia mambo ya moto kila Jumapili.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1569 anapata kazi kwenye kanisa la Santa Maria di Monserrato hapo hapo Roma, na kazi yenyewe ni nini? Mwimbaji na mpiga kinanda. Ana miaka ishirini na moja hivi. Kwa hiyo kinanda siyo kitu alichotupiwa uzeeni, ndo mlango alioingilia.

Baada ya hapo alipanda haraka. 1571 anafundisha muziki chuoni kwake alikosoma, 1572 anatoa kitabu chake cha kwanza cha moteti, yaani nyimbo fupi za kanisa za sauti kadhaa, kule Venice, ndani yake kuna ile O magnum mysterium ambayo kwaya za mjini huwa zinaimba Krismasi, na jamani huyo ni kijana wa miaka 24. 1575 akapata upadri. Akaenda kuishi na mapadri wa San Girolamo della Carità, nyumba ambayo alikuwepo Mtakatifu Filipo Neri mwenyewe, na hapo alikaa miaka kadhaa kama kapelani huku vitabu vinatoka tu, kimoja baada ya kingine. Vile vikubwa vya 1581 na 1583 vilichapwa kwa ukubwa wa kuwekwa kwenye mimbari moja, kwaya nzima inasimama mbele yake inasoma kitabu kimoja, watoto mbele wakubwa nyuma. Nyie mnabanana wanne kwenye fotokopi moja mkidhani ni umaskini wa kigango, kumbe wao walikuwa zaidi ya kumi kwenye kitabu kimoja, ila cha kwao kilisomeka.

Hiyo Popule meus yako imo kwenye kitabu cha 1585, ambacho kina muziki wa Juma Kuu lote kuanzia Matawi. Maneno yake unayajua, ni yale Bwana anawauliza watu wake nimewatendea nini, nimewachosha kwa lipi, nijibuni. Uliishaichungulia vizuri? Hakuna mbio. Hakuna sauti inayoanza kabla ya nyingine ikafukuzwa na ya tatu. Sauti zote nne zinatamka silabi moja kwa wakati mmoja, po-pu-le-me-us, kama kijiji kinachojibu kwa pamoja msibani. Mtu aliyeweza kuandika nyimbo za sauti nane na kumi na mbili, siku ya Ijumaa Kuu kaamua kuweka hivyo tu. Na msidanganyike kwamba ni nyepesi, mahali ambapo wote mnatamka pamoja hakuna pa kujificha, tena mmoja akichelewa herufi s ya mwisho kanisa zima linasikia sss kama nyoka. Waambie watu wa tena, sauti ya tatu, wamalize pamoja na besi.

Turudi kwenye lile swali lako lenye kidonda.

Mwaka 1583 yule bwana akiwa juu kabisa Roma anamwandikia mfalme wake kwenye utangulizi wa kitabu cha misa, kwa lugha ya adabu, kwamba amechoka na kazi hii ya kutunga, anatamani arudi nyumbani atulie na upadri wake. Mfalme akasikia. Ikafika 1587 anapewa ukapelani wa dada yake mfalme, Malikia Maria, mjane wa kaisari Maximilian wa Pili, ambaye alikuwa amestaafu mambo ya dunia akahamia kwenye monasteri ya Madrid inayoitwa Descalzas Reales. Descalzas ni wale wanaotembea peku, kwa hiyo ni masista peku wa kifalme, Waklara, nyumba iliyoanzishwa na dada mwingine wa mfalme ndani ya jumba alilozaliwa. Mwaka huo huo wa 1587 makanisa makuu ya Sevilla na Zaragoza nayo yalimtaka awe mwalimu wao. Sevilla bhana! Ndo ilikuwa bandari ya dhahabu ya Amerika, kwaya kubwa, pesa nje nje. Akakataa zote mbili.

Pale kwa masista kwaya ilikuwa ya mapadri kumi na wawili, watatu watatu kila sauti, na watoto wanne wa kiume, baadaye wakaongezwa wakawa sita. Ndo hiyo tu. Yeye akawa kapelani wa malkia na mwalimu wa kwaya, wanakaa nyumba ya pembeni, kila padri ana mtumishi wake na chakula analetewa chumbani, likizo mwezi mmoja kwa mwaka. Alirudi Roma miaka ya 1592 mpaka 1595 kusimamia mambo yake ya uchapaji, akamkuta Palestrina bado yupo, na mwaka 1594 akawa miongoni mwa waliomzika. Angeweza kubaki kule, kiti cha mkubwa kiko wazi. Akarudi Madrid kwa masista peku.

Februari 1603 malkia akafariki. Victoria akamtungia misa ya wafu ya sauti sita, ikachapwa 1605, akaitoa kwa heshima ya Margarita, binti wa marehemu ambaye alikuwa sista pale pale. Hiyo ndo kazi yake ya mwisho kuchapwa, na wengi tunaiona ndo kilele. Humo ndani kuna moteti ya kuimbwa baada ya misa, maneno ni ya Ayubu sura ya 30 mstari wa 31: kinubi changu kimegeuka kuwa maombolezo, na kwenye Biblia zetu inaendelea na filimbi yangu imekuwa sauti ya hao waliao. Lakini yeye alikuwa anasoma Kilatini, na kwenye Kilatini pale penye filimbi neno ni organum. Et organum meum. Mpiga kinanda akiimba neno hilo hasikii filimbi.

Kwa sababu baada ya malkia kuondoka, kuanzia mwaka 1604, Victoria hakuwa tena mwalimu wa kwaya. Akawa mpiga kinanda wa monasteri. Basi. Mtu aliyechapwa Venice na Roma, anayejulikana na maaskofu na wafalme, kila siku anakaa kwenye benchi la kinanda, mtu mwingine ndo anaongoza waimbaji. Alikaa hapo mpaka kifo chake Agosti 1611, akazikwa hapo hapo, na kaburi lake halijatambulika mpaka leo.

Alishushwa? Mimi sioni hivyo. Aliyekataa Sevilla huwezi kumwambia umemshusha. Lakini na wewe nisikudanganye kwa kukupaka mafuta, hali zenu hazifanani, yeye alichagua na alikuwa na mapato yake mengine ya kanisa, wewe umepigiwa kura na nauli ya bodaboda ya kwenda mazoezini unatoa mwenyewe. Miaka minane siyo mchezo na inaruhusiwa kuuma.

Ila kuna kitu kimoja nataka ukibebe kama fundi. Mwaka 1600 akiwa bado mwalimu alitoa kitabu Madrid, nyimbo nyingi za kwaya mbili na tatu zinazojibizana, na humo akafanya jambo ambalo lilikuwa geni kwa vitabu vya aina hiyo, akachapa na sehemu ya kinanda. Kinanda kinashika sauti zote za kwaya ya kwanza. Maana yake parokia yenye waimbaji wachache wakikosekana wanne wa upande mmoja, mtu wa kinanda peke yake anakuwa kwaya nzima upande ule na wimbo unaendelea. Soma hapo tena: kwa Victoria mpiga kinanda siyo wa kusindikiza waimbaji, ni sauti nne zilizokaa kwenye benchi moja. Wewe ukipiga kodi tatu, yaani vile vitufe vya kubonyeza pamoja, za mkono wa kushoto na ngoma ya kubonyeza, hapo sawa, umeshushwa, na umejishusha mwenyewe. Chukua nota, piga sauti ya tena na ya alto kama zilivyo, uone kama yule kijana hatakuja kukuuliza sauti zinaingilia wapi.

Na utangulizi mrefu wa makusudi acha. Wanaoumia siyo yeye, ni wale mama wenye watoto mgongoni waliosimama.

Alafu Ijumaa Kuu yenyewe nadhani umeshajua, kwa desturi kinanda kinanyamaza kuanzia Gloria ya Alhamisi Kuu mpaka Gloria ya mkesha wa Pasaka. Kwa hiyo siku ya Popule meus utakuwa umekaa bure. Usikae. Nenda simama na watu wa tena, najua kwenye vigango hao huwa ni wawili na mmoja ana mafua.

BARUA YA PILI

Mwalimu habari za kazi. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, niko kwaya sauti ya pili. Mbona watunzi wetu wanatunga mpaka za harusi na za kipaimara cha mtoto wa bosi, huyu Victoria yeye hakutunga hata moja ya mapenzi? Na pesa alikuwa anapata wapi? Tena nimesikia alitunga misa akaipa jina lake mwenyewe, Missa pro Victoria, si majivuno hayo?
Mama wa alto, Kirumba

JIBU

Njema dada yangu, biashara iende. Hakutunga. Kazi zake zilizobaki zote ni za kanisa na za Kilatini, misa kama ishirini, moteti, zaburi, tenzi, na hilo kwa wakati wake lilikuwa la kipekee, kwa sababu hata Palestrina alikuwa na nyimbo zake za mapenzi na baadaye akaziomba radhi.

Pesa, alikuwa na mapato kutoka parokia kadhaa za Hispania ambayo papa alimgawia, ndo utaratibu wao mapadri wa wakati ule, hata kama hukai kwenye parokia hiyo fungu lako linakuja. Na vitabu. Kuchapa nota kulikuwa ghali sana kwa hiyo akichapa anatuma nakala kwenye makanisa makuu na kwa watawala, na barua juu, ya heshima, na wao wanatuma chochote. Wengine walikuwa wanachelewa. Wewe unayekopesha dagaa unanielewa.

Hiyo misa umemwonea tu. Pro victoria maana yake kwa ajili ya ushindi. Ni misa ya vita, ya sauti tisa, imo kwenye kile kitabu cha 1600, ameijenga juu ya wimbo wa Mfaransa Clément Janequin unaoigiza mapigano, mabaragumu na kelele za askari, na ndo pekee kati ya misa zake aliyochukua wimbo wa duniani akaujenga hivyo. Kwamba neno linafanana na jina lake, nadhani alitabasamu.

BARUA YA TATU

Shikamoo mwalimu, mimi nasoma sekondari Nansio, Ukerewe. Huku umeme ukikatika kinanda chetu kinakufa katikati ya wimbo tunabaki tunaangaliana. Wao enzi hizo hawakuwa na umeme, kinanda walipigaje?
Mwanafunzi, Nansio

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwa upepo na miguu ya mtu mwingine.

Ulishawahi kusikia habari za Warongo, wale wafua chuma wa zamani wa upande wa Uzinza na Geita? Mfua chuma alikuwa na mivukuto ya ngozi, mtu anaipiga juu chini, upepo unaingia kwenye moto bila kukatika. Kinanda cha Victoria ni hivyo hivyo, nyuma ya kinanda kuna mivukuto mikubwa ya mbao na ngozi, kuna mtu anaifanyia kazi muda wote, upepo unajaa kwenye sanduku la chini, na juu ya sanduku yamesimama mabomba mamia ya bati na risasi, kila bomba sauti yake moja tu. Mpiga kinanda akibonyeza kitufe, kijiti kinavuta kifuniko, upepo unapanda kwenye bomba lake, linalia. Akiachia linanyamaza. Bomba refu sauti nene, fupi sauti nyembamba. Kwa hiyo hata wao kinanda kilikuwa kinakufa katikati ya wimbo, ni mtu wa nyuma tu akisinzia, na hakifi ghafla kama chenu, kinaanza kwanza kushuka sauti kinalegea kama mlevi.

Jaribu nyumbani. Tafuta chupa nane za soda zinazolingana, weka maji, ya kwanza kidogo sana, zinazofuata uongeze kidogo kidogo, puliza mdomoni mwa chupa kwa pembeni. Hewa ikibaki ndefu sauti ni nene, ukijaza maji hewa inakuwa fupi sauti inapanda. Ongeza na punguza mpaka upate do re mi, tumia kijiko, usimwage kwa jagi. Ile ya fa itakusumbua, ukikwama niandikie.